Funguo Zilizofichwa za LabVIEW: Namna ya Kuzisaka Bila Kuharibu Kazi

Kihisi cha joto kinatuma 27.5. Kwenye skrini ya LabVIEW inasomeka 27, nusu imepotea njiani. Nyaya ziko sawa, Arduino iko sawa, na mchoro ni uleule unaofanya kazi vizuri kwa mwenzako Mombasa. Fundi wa Kismayu anayejiundia kipimo cha joto kwa sanduku la barafu la samaki anaweza kukesha akibadilisha vihisi, na kasoro haimo kwenye kihisi hata kidogo. Laptopu imetoka Ulaya, kwa ndugu aliyehamia huko, na Windows yake ingali inafuata desturi ya nchi ilikotumika: desimali hutengwa kwa mkato, si kwa nukta. LabVIEW ikikutana na nukta inadhani namba imeishia hapo.

Dawa ni mstari mmoja ndani ya faili la maandishi linaloitwa LabVIEW.ini:

useLocaleDecimalPt=False

Ufunguo huu si siri. Unaweza kuubadilisha kwa kisanduku kilichomo Tools, kisha Options. Lakini faili hilohilo linakubali funguo nyingine nyingi ambazo hazimo katika menyu yoyote wala katika mwongozo. Baadhi huwasha zana za wahandisi walioiunda programu, baadhi ni mabaki ya matoleo ya zamani. Nyingine hazitakufaa kwa lolote. Makala hii inaeleza jinsi ya kuzipata na, lililo gumu zaidi, jinsi ya kujua zinafanya nini.

Kwa asiyeijua, LabVIEW ni mazingira ya kuandika programu kwa kuchora: unaweka visanduku vya kazi na kuviunganisha kwa nyaya, na data hupita katika nyaya hizo. Ilitoka mwaka 1986 kwa kompyuta za Macintosh, kutoka kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas. Jeff Kodosky ndiye anayetajwa zaidi kama baba yake. Tangu 2023 kampuni hiyo imo mikononi mwa Emerson. Mwaka 2020 lilitolewa toleo la Community, la bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, nalo huongea na Arduino na Raspberry Pi. Ukitaka kuitumia kwa kuuza barafu au kuendesha chumba cha baridi cha mtu, hiyo tayari ni biashara na inahitaji leseni nyingine. Programu iliyoishi miaka karibu arobaini imepita mikononi mwa wahandisi wengi, na wahandisi huacha swichi zao ndani: ya kupima kasi, ya kuficha kipengele ambacho hakijaiva, ya kumridhisha mteja mmoja mkubwa aliyelalamika. Nani ataandika mwongozo wa swichi aliyoiweka kwa ajili yake mwenyewe?

Lakini jina la swichi halifichiki kirahisi. Ili programu iulize kama kuna mstari unaosema useLocaleDecimalPt, lazima iwe na neno hilo ndani yake, herufi kwa herufi. Kwa hiyo usibahatishe majina na usiyaokote kila mahali. Iulize programu yenyewe.

Kabla ya yote, linda ulichonacho. Katika Windows faili liko kwenye folda ya LabVIEW yenyewe, kwa kawaida ndani ya C:\Program Files\National Instruments, pembeni ya LabVIEW.exe. Funga LabVIEW kwanza. Programu hii hulisoma faili inapowaka na huliandika upya wakati wa kufunga au unapobadilisha Options, hivyo ulichoandika ikiwa wazi kinaweza kufutwa bila taarifa. Kisha weka nakala mbali na hapo, ikiwezekana kwenye flashi:

copy LabVIEW.ini D:\akiba\asili.ini

Umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa, nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa. Hata ukiikosa hujaangamia. LabVIEW isipolikuta faili lake huanza na mipangilio ya kiwandani na kujiandikia jipya, kwa hiyo kulipa faili lililoharibika jina lingine na kuwasha upya ni tiba ya kwanza ya matatizo mengi.

Bora zaidi ya nakala ni kutoligusa faili la kazi kabisa. LabVIEW inakubali kuambiwa itumie faili jingine la mipangilio:

LabVIEW.exe -pref D:\akiba\jaribio.ini

Tengeneza njia ya mkato kwenye desktopu yenye amri hiyo, uipe jina "jaribio", na uache ile ya kawaida kama ilivyo. Faili la jaribio lianze kwa mstari wa [LabVIEW] kama lile la asili. Sasa unaweza kuvuruga upendavyo jioni, na asubuhi ukafungua njia ya kawaida ukakuta kila kitu mahali pake. Kuna faida nyingine pia: kama Windows inakukatalia kuhifadhi chochote ndani ya Program Files, huna haja ya kugombana nayo.

Anza na funguo unazoweza kuziona, ili mkono uzoee. Fungua Options, badilisha kisanduku kimoja tu, funga LabVIEW, halafu linganisha faili la sasa na nakala:

fc D:\akiba\asili.ini LabVIEW.ini

Amri ya fc imo ndani ya kila Windows, haihitaji bando. Itakuonyesha mistari iliyotofautiana, na hapo utaona kisanduku kilichoandikwa sentensi nzima kwenye skrini kimekuwa neno moja lililobanwa ndani ya faili. Rudia kwa visanduku kadhaa. Faida yake ni kujifunza tabia ya walioandika programu: wanapoanza na herufi ndogo na wanapoanza na kubwa, wanavyounganisha maneno, wanavyotumia True na False, wanavyoandika rangi kwa tarakimu za heksadesimali, wanavyomalizia majina kwa Enabled au kuyaanza kwa Show. Tabia hiyo utaihitaji baada ya muda mfupi, utakapokuwa na maelfu ya maneno mbele yako na kazi ya kuchagua lipi ni ufunguo na lipi ni takataka.

Maneno hayo yanatoka ndani ya LabVIEW.exe. Kuna kifaa kidogo cha bure kinachoitwa Strings, katika mkusanyiko wa Sysinternals ulioanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell na kununuliwa na Microsoft mwaka 2006. Ni chepesi mno. Mwenye laini dhaifu hatateseka kukipakua, tofauti na LabVIEW yenyewe ambayo ni gigabaiti kadhaa na afadhali iletwe kwenye flashi na msafiri. Kazi yake ni moja: kupitia faili lolote na kutoa kila mfululizo wa herufi zinazosomeka.

strings -n 6 LabVIEW.exe > D:\akiba\maneno.txt

Namba 6 inasema usiniletee kipande kifupi kuliko herufi sita. Mara ya kwanza kitakuomba ukubali masharti, kisha utapata faili refu kupita kiasi: ujumbe wa makosa, majina ya fonti, vipande vya menyu, na uchafu mwingi ambao ni namba zilizofanana na herufi kwa bahati tu. Usijaribu kulisoma kutoka juu hadi chini. Tafuta kwanza ufunguo unaoujua:

findstr /n /i "useLocaleDecimalPt" D:\akiba\maneno.txt

Herufi ya n inakupa namba ya mstari. Nenda kwenye mstari huo, halafu tazama jirani zake, mistari hamsini juu na hamsini chini. Hapa ndipo penye mavuno. Maneno yaliyotumika katika sehemu moja ya programu mara nyingi huwekwa karibu karibu ndani ya exe, kwa hiyo palipo na ufunguo mmoja huwa pana wenzake. Fanya hivyo kwa kila ufunguo uliojifunza kutoka Options, na utaona makundi yakijitokeza: hapa yanayohusu uchapishaji, pale yanayohusu mtandao, pengine yanayohusu menyu. Kisha tafuta kwa maneno yenye harufu ya siri: debug, secret, private, hidden, internal, experimental. findstr ukiipa maneno kadhaa yaliyotengwa kwa nafasi hutafuta lolote kati yao.

Wahandisi wa LabVIEW hawakujisumbua sana kuficha, na katika hilo nawapenda. Mmoja kati ya funguo zinazojulikana zaidi unaitwa SuperSecretPrivateSpecialStuff. Ukiuweka True, orodha za sifa na mbinu za vitu hurefuka ghafla kwa vile vya ndani ambavyo mtumiaji hakukusudiwa kuviona. Mwingine ni LVdebugKeys, unaofungua michanganyiko ya vitufe ya kuchungulia jinsi LabVIEW inavyopanga vitu vyake ndani ya kumbukumbu. Mtu anayejenga kipimo cha joto hana haja na wowote kati ya hizo mbili, lakini ni mifano mizuri ya kujizoeza: ukiwasha wa kwanza ukaona orodha imerefuka, unajua njia yako ya majaribio inafanya kazi.

Njia hii ina mipaka. Jina linaloungwa kwa vipande programu ikiwa inaenda halitaonekana zima. Baadhi ya funguo hazimo ndani ya exe bali katika faili za dll zilizo pembeni, kwa hiyo zipitishe nazo pia, hasa zile za folda ya resource. Sehemu nyingine za LabVIEW zimechorwa kwa LabVIEW yenyewe na zimo ndani ya folda ya vi.lib, nyingi unaweza kuzifungua na kuzisoma kama mchoro wowote, na kwa mtu anayejifunza hakuna mwalimu bora. Zilizofungwa kwa nywila ziache. Kutazama majina ni jambo moja na kuvunja kufuli ni jingine, na leseni uliyokubali ina la kusema juu ya hili la pili.

Wengi huuliza kuhusu Process Monitor, ndugu wa Strings katika mkusanyiko huohuo. Kwa programu zinazoweka mipangilio yake kwenye rejista ya Windows, kifaa hicho ni hazina. Unaiwasha programu huku Process Monitor ikirekodi, kisha unachuja mistari yenye NAME NOT FOUND. Mistari mingi ya namna hiyo ni programu ikitaja kwa jina mpangilio inaoutafuta na kuukosa. Huhitaji hata kuotea. Kwa LabVIEW faida yake ni ndogo kwa sababu faili la ini husomwa zima, na kifaa hakioni kilichotafutwa ndani yake. Bado kitakujibu swali moja muhimu: ni faili lipi hasa lililosomwa? Mwenye matoleo mawili ya LabVIEW kwenye mashine moja anaweza kupoteza siku nzima akihariri faili la toleo lisilo lake.

Kama una matoleo mawili, yapitishe yote mawili kwenye Strings, panga kila orodha kwa amri ya sort, na ulinganishe. Majina yaliyomo katika toleo jipya na hayamo katika la zamani ni machache kuliko orodha nzima, na mara nyingi ndiyo yenye maana, maana yanahusu kazi inayoendelea kiwandani.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo ndilo linalokula muda. Una jina, thamani yake ni nini? Soma umbo la jina. Linaloishia na Enabled au kuanza na Show, Hide, Allow au Use karibu daima linataka True au False. Lenye Color linataka tarakimu za rangi, lenye Path linataka njia ya folda, lenye Size, Max au Timeout linataka namba. Weka ufunguo mmoja tu kwenye faili la jaribio, washa, na utazame mahali jina linapoelekeza. Piga picha ya skrini kabla na baada: menyu ya Tools, menyu ya kubofya kulia juu ya kisanduku tupu, kurasa za Options, orodha ya sifa. Jicho husahau, picha mbili ukizipanga pamoja huonyesha mstari mmoja ulioongezeka katika menyu ndefu.

Kimya si jibu. LabVIEW haitakulalamikia ukiandika ufunguo isioujua, itaupita tu. Kwa hiyo usipoona badiliko, huenda umekosea herufi, huenda thamani siyo, huenda ufunguo ni wa kipengele ambacho hukukifungua, au huenda neno lile halikuwa ufunguo kamwe. Liandike katika daftari kama "halijajulikana" na usonge mbele. Usiliandike kama "halifanyi kazi", kwa sababu atakayeliamini daftari hilo mwakani ni wewe mwenyewe.

Kwa orodha ndefu kuna njia ya haraka kidogo. Weka majina kumi kwa pamoja, uone kama kuna chochote kilichobadilika. Kama hakuna, umeokoa mizunguko tisa. Kama kipo, ondoa nusu, washa tena, na uendelee kugawa hadi libaki moja. Fanya haya kwenye folda ya michoro ya majaribio, isiyo na hata faili moja unalolihitaji. Ufunguo unaoweza kubadilisha jinsi mchoro unavyohifadhiwa ni hatari kuliko ule unaoiangusha programu, kwa kuwa kuanguka kunaonekana mara moja.

Kwa sababu hiyo sipendi orodha zilizopikwa, zile za mistari mia ambazo mtu humpa mtu azibandike zote kwenye ini yake. Nyingi ni za matoleo yaliyopita, na likitokea jambo la ajabu hujui ulianzie wapi. Ufunguo usioujua kazi yake hauna sababu ya kukaa ndani ya faili lako.

Wasio na LabVIEW, au wenye mashine isiyoibeba, wanaweza kujifunza usakaji huu bure kwenye Snap!, mazingira ya kuandika programu kwa vitalu yaliyoundwa na Jens Mönig na Brian Harvey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ukiipakua mara moja, unafungua snap.html ndani ya kivinjari na kuitumia bila intaneti, jambo la maana kwa mwanafunzi wa visiwa vya Koyama au Chula kama lilivyo kwa yule wa mjini Kismayu. Shikilia Shift huku ukibofya menyu ya mipangilio au nembo, na baadhi ya vipengele vilivyofichwa hutokea kwa maandishi mekundu yaliyokolea. Huna haja ya Strings kwa sababu programu yote ni JavaScript inayosomeka. Fungua faili la gui.js kwa kihariri chochote na utafute currentKey === 16; namba 16 ndiyo msimbo wa kitufe cha Shift, na kila palipo na mstari huo pana mlango. Kisha tafuta getSetting. Utakuta majina kama zoom, longform na language, ambayo kivinjari huyahifadhi kwa kuyatanguliza na -snap-setting-. Bonyeza F12, ingia sehemu ya Local Storage, na utayaona yakiwa na thamani zake, tayari kubadilishwa. Scratch 1.4 ya zamani, ambayo nayo ni ya vitalu, ilikuwa na mlango wake: ukibofya kwa Shift ndani ya herufi R ya nembo, ilifunguka menyu ya Squeak, lugha iliyotumika kuijenga.

Tofauti ya Snap! na LabVIEW ni kwamba katika Snap! unaona si jina tu bali na msimbo unaolitumia, hivyo maana haihitaji kubahatishwa. Anayezoea kufuata jina ndani ya gui.js kutoka linaposomwa hadi linapofanya kazi atakuwa na makisio bora zaidi akikutana na exe isiyosomeka.

Linabaki swali la kazi unayomkabidhi mtu mwingine. Mchoro unaotegemea ufunguo uliofichwa utakufa siku utakapohamia mashine nyingine, na hakuna mwongozo utakaomweleza fundi mwenzako kwa nini. Ufunguo unaweza kuondolewa katika toleo lijalo bila tangazo. Mara chache hutokea kinyume: mbinu za kuufanya mchoro uchore michoro mingine zilikuwa zimefichwa kwa miaka, na kuanzia LabVIEW 2010 ni sehemu halali ya programu, unaziwasha kwa kisanduku ndani ya Options, ukurasa wa VI Server. Lakini usipange kazi yako kwa kutegemea bahati hiyo. Palipo na njia ya wazi, ifuate. Kwa ile nukta ya desimali, kwa mfano, njia thabiti kuliko ini ni kuandika %.;%f kama muundo wa kusomea namba ndani ya mchoro; hapo LabVIEW inalazimishwa kutumia nukta, Windows iwe ya Kijerumani, Kiitaliano au ya Kisomali.

Kama huna budi kutumia ufunguo, kumbuka kwamba programu uliyoigeuza kuwa exe haisomi LabVIEW.ini. Ina ini yake, yenye jina la exe na kichwa chenye jina hilohilo. Exe ikiitwa Barafu.exe, faili ni Barafu.ini na mstari wa kwanza ni [Barafu]. Si kila ufunguo wa mazingira ya kuchorea unafanya kazi huko, kwa hiyo ujaribu upya. Maelezo yako usiyaweke ndani ya ini, kwani programu huliandika upya. Yaweke katika faili la maandishi pembeni yake: jina la ufunguo, thamani, toleo la LabVIEW ulikoujaribia, ulichokiona kabla na baada, na kitakachoharibika ukiondolewa. Andika kwa Kibajuni, Kisomali au Kiswahili sanifu, mradi ni lugha anayoisoma atakayeitwa kuitengeneza mashine hiyo wewe ukiwa baharini.